Usisaini haraka

Ndugu zangu wa Kampala, Jinja na Arua, ukifukuzwa kazi kwa sababu ya mimba, dini, ulemavu au hali yako ya VVU, usisaini karatasi ya "nimelipwa yote, sidai kitu". Ndiyo itakayotolewa kukupinga.

Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa upeleke malalamiko kwa afisa kazi wa serikali, mradi umefanya kazi wiki 13 mfululizo. Hapa ndipo haki inapopotea: mtu anamngoja bosi apoe, anambembeleza kwa simu, mara miezi imekwisha. Zungumza naye, sawa, lakini malalamiko yawe yameshafika.

Kama wanadai ulikosa nidhamu, je, uliitwa ujieleze, ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe? Kama hukuitwa, hilo peke yake ni mshahara wa wiki 4, hata kosa likiwa la kweli. Malipo ya notisi, kama hukupewa taarifa mapema ya kuachishwa, ni dai jingine.

Afisa akimaliza siku 90 bila uamuzi, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda.

Leo hii piga picha mkataba, barua na meseji zote, kabla hawajakutoa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazini.