Pikapu imepata nguvu, mafuta je?

Jamani, leo nimeichukua pikapu kwa fundi. Tumebadilisha programu ya kompyuta ya injini, turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) sasa inasukuma mapema zaidi.

Kwenye mlima mkali sikushusha gia kabisa. Mzigo nyuma, mshale wa mizunguko ya injini umetulia karibu na 2,000 kwa dakika, injini inanguruma chini chini. Raha iliyoje!

Mafuta? Ukikanyaga taratibu, hayapandi sana. Ukinogewa, utayaona yanavyokwisha.

Matairi makubwa nimeyakataa. Ni mazito, na dashibodi inasoma kilomita pungufu kuliko ulizotembea, hesabu yote ya mafuta inavurugika. Keria ya juu nayo nimeifungua, maana ukiwa kasi upepo ndio unaokula mafuta.

Wenye pikapu za dizeli, nyie mlianza kubadilisha nini? Nipeni uzoefu wenu.