Kilima cha mita 361: siku moja ya kazi yangu Scotland

Saa kumi na moja alfajiri mwezi Juni, jua la Scotland limeshachomoza, nami nimeketi jikoni kwangu Glasgow nikisoma utabiri wa hali ya hewa ya milimani kabla hata sijachemsha chai. Kazi yangu ni kuongoza watu kupanda vilima, hasa vile vifupi ambavyo familia huvichagua kwa kudhani ni vyepesi. Leo tunapanda Conic Hill, na utabiri unasema upepo wa magharibi utaongezeka kuanzia adhuhuri, kisha mvua. Napakia ramani, dira, filimbi, mkoba wa huduma ya kwanza, chupa ya chai yenye sukari nyingi na makoti ya akiba.

Saa tatu asubuhi nakutana na wageni wangu Balmaha, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa Loch Lomond. Ni familia ya Kitanzania inayoishi Leicester, mama, baba na watoto wao watatu, pamoja na mjomba wa mama huyo aliyekuja kuwatembelea kutoka Lushoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakitafuta kitu.

"Kijana, mlango wa kulipia uko wapi?"

Nikamweleza kwamba hapa si kama Kilimanjaro, ambako huruhusiwi kupanda bila kulipa ada za hifadhi na kuwa na kiongozi. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea mashambani na vilimani, mradi aache mageti kama alivyoyakuta, asisumbue kondoo na aondoke na taka zake.

"Hakuna kiingilio, njia naiona, na hicho mnachokiita kilima ni kichuguu," akasema. "Sasa sisi tunakulipa wewe wa nini?"

Swali hilo nimelizoea, lakini bado linaniuma, kwa sababu jibu lake halionekani mpaka mambo yaharibike. Safari hii jibu lilikuwa limesimama palepale mbele yangu: mzee alivaa viatu vya ngozi vyenye soli laini kabisa. Ndani ya gari huwa na jozi chache za buti, nikamtolea zilizomtosha, akazikataa. Alisema amezaliwa Usambara na amebeba mizigo kwenye miteremko tangu utotoni, jambo ambalo sikulitilia shaka hata kidogo. Nilimwambia miguu yake naiamini, ila soli hizo siziamini juu ya mawe yenye maji, na kwamba mtu akivunjika kifundo kule juu, watakaokuja kumbeba baada ya kupiga 999 ni watu wa kujitolea walioacha shughuli zao. Mama wa watoto akamsihi, baba akanyamaza, na mabishano yakaendelea huku tumesimama chini ya miti pasipo na upepo, mahali ambapo visubi hupapenda kuliko pengine popote. Walituvamia masikioni, shingoni na kwenye mizizi ya nywele, mtoto mdogo akaanza kulia, na hapo mzee akaketi kwenye ukingo wa gari na kunyoosha mkono apewe buti.

Msituni tulipita salama, na ngazi za mawe tukazipanda kwa mwendo wa mtoto mdogo, niliyemweka mbele makusudi.

Karibu na kilele njia hukanyaga mwamba wenyewe, nami huwasimamisha watu hapo wainame wautazame. Ni kokoto za mviringo, nyingine nyeupe kama maziwa, zilizoshikwa na mchanga mgumu wa rangi ya damu ya mzee, na nyingine zimeng'oka zikaacha vishimo. Zilizong'oka ndizo hatari, kwa kuwa hubingirika chini ya kiatu. Juu kabisa niliwaonyesha visiwa vya Inchcailloch, Torrinch, Creinch na Inchmurrin vilivyojipanga ziwani kwa mstari mmoja, kwa sababu vinafuata ufa mkubwa wa ardhi unaoikata Scotland kuanzia kisiwa cha Arran hadi Stonehaven, ukitenganisha nyanda za chini na milima ya kaskazini.

Wao walitazama visiwa, mimi nikatazama vidole vya mzee. Alipanda kwa haraka, shati lake likalowa jasho, na sasa upepo uliokuja mapema kuliko ilivyotabiriwa ulikuwa ukimpuliza. Alijaribu kufunga zipu ya jaketi lake mara kadhaa bila kufaulu, na alikuwa ameacha kuzungumza, dalili kwamba mwili unapoteza joto. Nilimvua jaketi lile jembamba, nikamvika koti la akiba na kofia, nikamnywesha chai, kisha nikawaambia wote tunashuka sasa hivi, hata kama picha hazijaisha.

Kuanzia hapo sikuitazama saa tena. Mvua ilitupiga usoni, mawe yakateleza, na mzee alishuka akiwa ameshika bega langu, hatua moja baada ya nyingine, mimi nikimchagulia pa kukanyaga huku nikigeuka kuwahesabu watoto. Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda, na magoti yangu yalijua hivyo. Lakini hakuna aliyeanguka, na hilo najivunia bila kificho.

Garini mzee alizifuta buti kwa majani kabla ya kunirudishia, akauliza zinauzwa bei gani. Kuhusu swali lake la asubuhi hakusema lolote, nami sikumkumbusha.

Saa tatu usiku bado kuna mwanga dirishani. Makoti yananing'inia bafuni, nami najikagua kupe nyuma ya magoti, kwa kuwa kangaga za pale zinao, na wengine hueneza ugonjwa wa Lyme. Niliituma familia ujumbe wajikague pia. Mama akajibu kwamba mjomba ana mmoja pajani na hajui amtoe vipi, basi nikapiga simu, nikamwelekeza ambane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumsokota, na wakiona wekundu unaoenea hapo wiki zijazo waende kwa daktari.