Amri ya timu ikichelewa, mguu haukubali

Ukisimama kando ya mashamba ya miwa ya Kakira au Lugazi siku ya rali, unaona gari moja likipita, halafu vumbi, halafu kimya mpaka gari jingine lije. Magari hayafukuzani pua kwa mkia. Ndiyo maana mashabiki wengi hapa Uganda huamini kwamba amri za timu, yaani dereva kuagizwa amwachie mwenzake nafasi, ni mambo ya Formula 1. Rali nayo inazo, ila hutekelezwa kwa saa na kadi ya muda.

Chukua timu yenye magari mawili. La kwanza linaongoza kwa sekunde 14, lakini dereva wa gari la pili ndiye anayewania ubingwa, na wakubwa wanataka wabadilishane nafasi. Anayeongoza anaambiwa achelewe kwenye kituo cha muda, ambako kila gari lina dakika yake ya kuripoti. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kila dakika ya kuchelewa ni adhabu ya sekunde 10. Akichelewa dakika 1 bado yuko mbele kwa sekunde 4; dakika 2 zinamrudisha nyuma kwa sekunde 6. Kuwahi ndiko hatari zaidi, maana kila dakika ya kuwahi ni adhabu ya dakika nzima.

Gari husubiri kabla ya kibao cha njano, kwa sababu ukishakivuka umeingia eneo la kituo na hairuhusiwi kusimama humo bila sababu. Injini inanguruma, feni inavuta hewa ya moto, na navigeta, msomaji wa njia anayeketi kando ya dereva, ameshika kadi mkononi, macho kwenye saa. Muda wao wa kuingia ulikuwa 5:20 asubuhi. Inapita 5:21. Dereva anatazama mbele, mikono bado iko kwenye usukani, na wenzake waliokuwa nyuma yake wanampita mmoja mmoja kwenda kugonga kadi zao. Saa inasoma 5:22, ndipo anaondoka. Ushindi umepotea hapo, gari likiwa zima kabisa. Hilo ni jambo zito kumwomba mtu.

Colin McRae alilijua hilo. Kwenye rali ya Catalunya, Hispania, mwaka 1995, timu yake ya Subaru ilimwagiza abaki nyuma ya mwenzake Carlos Sainz. Hakupunguza mwendo, akamaliza akiwa mbele, na ikabidi achelewe kituoni ili apewe adhabu na Sainz ashinde. Wakaenda rali ya mwisho nchini Uingereza kila mmoja akiwa na pointi 70, McRae akashinda rali na ubingwa wa dunia. Ukaidi wake wa Catalunya ulikuwa kosa la timu kuliko lake: amri ya kubaki nyuma ilimkuta tayari yuko kwenye kasi ya kushinda.

Hapa ndipo wasiowahi kukaa karibu na kazi hii wanapokosea. Hudhani kupunguza mwendo ni jambo rahisi na salama. Gari la rali limeandaliwa kwa ajili ya kasi: shokaabzoba, difu na breki vyote vimepangwa kwa dereva anayeingia konani akiwa amekanyaga breki kwa nguvu, uzito ukaegemea mbele ili tairi za mbele zishike. Akiingia kwa woga, uzito haufiki mbele, na kwenye changarawe gari linagoma kukata kona na kuteleza moja kwa moja kuelekea mtaroni. Noti, yaani maelezo ya kona yaliyoandikwa kabla ya mbio, nazo zinavurugika. Navigeta amezoea kusoma kona mbili mbele kwa mdundo fulani. Mwendo ukishuka, maneno yanawahi mno na dereva anaanza kuyasahau. Akili iliyopoa ndiyo inayogonga jiwe.

Kwa hiyo anayetakiwa kutunza nafasi asiguse mdundo wa kona. Apunguze kwenye sehemu zilizonyooka: aachie mafuta mapema, aanze breki mita 10 au 20 kabla ya pale alipozoea, apandishe gia mapema kidogo. Aache kukata kona kwa ndani, kwa kuwa mawe yanayotoboa tairi hulala huko.

Na apewe namba. "Nenda taratibu" si amri, ni kelele. Zikibaki kilomita 60 za hatua, yaani vipande vya njia vinavyokimbiwa kwa saa, na wa tatu yuko sekunde 45 nyuma, mwambie anaruhusiwa kupoteza nusu sekunde kwa kila kilomita. Hizo ni sekunde 30, zinabaki 15 za injini kuzimika au njia panda kupitwa. Pancha haimo kwenye hesabu hiyo, kwani kubadilisha tairi katikati ya hatua hula dakika 2 au 3.

Formula 1 ina redio, na bado inaharibu. Austria 2002, Rubens Barrichello alimwachia Michael Schumacher ushindi mita chache kabla ya mstari, ingawa Schumacher alikuwa ameshashinda mbio 4 kati ya 5 za mwanzo. Watu wakazomea, na kuanzia 2003 amri za namna hiyo zikapigwa marufuku. Marufuku iliondolewa kuanzia msimu wa 2011, na ilikuwa sawa kuiondoa, kwani timu zilikuwa zikizungumza kwa mafumbo. Hungary 2024 McLaren ilimwita Lando Norris kubadilisha tairi mzunguko wa 45, kabla ya Oscar Piastri aliyekuwa akiongoza, na alipotokea mbele ikamsihi arudishe nafasi. Alirudisha mzunguko wa 68 kati ya 70. Timu yenyewe ndiyo iliyomweka mbele, halafu ikamtaka arudi nyuma mwenyewe.

Kwetu madereva wengi hujigharamia tairi na mafuta, au hubebwa na ndugu na mdhamini mmoja. Dereva wa namna hiyo hadai mshahara kwa mtu, na kumwamrisha bila makubaliano ni kumdhulumu. Kaeni usiku wa kuamkia mbio, mkubaliane ni baada ya hatua ipi nafasi zitafungwa, kwa tofauti ya sekunde ngapi, na nani atafidiwa nini. Navigeta aiandike namba hiyo kwa kalamu nene juu ya kitabu cha noti. Gari likishaingia kwenye miwa, sauti pekee itakayomfikia dereva ni ya huyo aliyeketi kando yake.