Umeme au radi?

Baba katoka wodini Jumatano, Rehema kajifungua kidume cha kilo tatu na nusu, na kazini mkataba umeongezwa. Lakini mie bado niko pale pale, kwenye ile fomu ya ridhaa.

Nesi alinipa nimsomee Baba kabla hajatia sahihi, maana mtafsiri wa ukoo ni mimi. Kamera kupitishwa njia ya mkojo, sawa. Kibofu kuangaliwa, sawa. Nikafika kwenye neno fulguration. Nikalipitia juu juu: "Watachoma kile kiuvimbe kwa umeme."

Baba akavua miwani. "Umeme, au radi?"

"Umeme, Baba. Wa kawaida tu."

"Wa kumulika au wa kupiga?"

Nikacheka. Nesi naye akacheka. Baba akatia sahihi bila kuniangalia.

Mzee huyu kakulia Bukoba. Radi iliwaua ng'ombe wawili wa Babu chini ya mti mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga. Hakuwa anatania. Wa kumulika au wa kupiga? Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Juzi usiku nikalisaka lile neno. Asili yake ni Kilatini, fulgur, ule mmweko wa mawinguni. Inayoshuka ikaunguza wanaiita fulmen. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 1, alizitenganisha kama Baba: moja huonyesha moto, nyingine huutupa. Ila Warumi wenyewe hawakulishika sana hilo. Radi ikipiga mahali, waliizika hapo hapo na kuweka jiwe lenye maandishi fulgur conditum, radi iliyozikwa. Imeshapiga, bado wanaiita mmweko! Na madaktari ndivyo walivyofanya: cheche inaruka kutoka kwenye ncha ya chombo, inachoma nyama bila chombo kuigusa. Inamulika na inapiga. Swali la Baba lilikuwa na jibu, mimi ndiye sikuwa nalo.

Asubuhi nikamweleza yote, uji ukipoa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mmenizikia radi kibofuni."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe kwa kile kicheko."

"Radi sawa. Ila hilo jiwe msiniwekee, daktari kasema kibofu hakina mawe."

Akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa huyu paka wa jirani. Siku ya tatu hajaonekana, na funguo nimeachiwa mimi.