Sekunde Tatu za Kumngoja Mtoto

Siku niliyoacha kuwa Mjomba nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kana kwamba naenda harusini. Ilikuwa Februari 2003, kaskazi imeshika kwelikweli, na ukumbi tuliokodi kule Tudor ulikuwa wa mabati. Feni hazikuwashwa kwa sababu vipaza sauti vilizisikia. Kunguru ndio hatukuwa na la kuwafanya. Walitua juu ya paa wakatembea kwato-kwato, na kila aliyewahi kurekodi kitu Mombasa anawajua.

Kwa miaka sita niliongoza kipindi cha watoto cha televisheni, nao walinijua kwa jina hilo moja. Nikipita Mwembe Tayari nasikia, "Mjomba! Mjomba wa tivii!" na mtoto anamvuta mamake buibui ili naye atazame. Kabla ya hapo nilikuwa mwigizaji wa jukwaani. Nilianza Little Theatre Club nikiigiza Fisi katika ngano za wanyama, kisha nikazunguka shule za upili na kikundi chetu, tukiigiza vitabu vya fasihi ambavyo wanafunzi wangetahiniwa. Jukwaani nilifundishwa kupaza sauti ifike kiti cha nyuma kabisa. Nilipoingia televisheni ilibidi niyaache hayo yote, na aliyenivua hayo ni mzee mmoja aliyekuwa mwelekezi wetu.

Mzee huyo aliijua kazi tangu miaka ya 70. Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa enzi hizo, ilifungua kituo cha televisheni hapa Mombasa mwaka 1970, michezo ya kuigiza na muziki wa Pwani ikawa inatengenezwa hapa hapa, na vijana wengi wa mji huu walijifunzia huko kushika kamera. Siku yangu ya kwanza mbele yake nilitabasamu, nikatandaza mikono, nikasema, "Hamjambo watoto!"

Akasimamisha kamera. "Unasema na nani?"

"Na watoto wote wa Pwani, Mzee."

"Hao hawapo. Yuko mtoto mmoja. Amekaa sakafuni, ana kikombe cha chai, nduguze bado wamelala. Sema na huyo."

Tangu siku hiyo sikusema tena "hamjambo" kwenye kamera. Nilisema "hujambo". Ni herufi chache tu, lakini ukizibadilisha uso wako wote unabadilika, sauti inashuka, mabega yanalegea. Na kamera nazo alizishusha. Miguu ya kamera ilikunjwa mpaka lenzi ikawa kimo cha mtoto aliyekaa, na mimi nikapewa kigoda, ili mtoto asitazamwe kutoka juu kama anayekaripiwa.

Jambo lililonifunga kwake zaidi ni ule mwanzo wa kipindi. Alitaka nikae barazani (baraza yetu ilikuwa ya mbao nyembamba, na nyuma yake mlango wa nakshi uliochorwa kwa rangi, mfano wa milango ya Mji wa Kale), niitazame lenzi, kisha ninyamaze. Sekunde tatu. Halafu niseme, "Marahaba."

Basi. Anayetangulia kusalimu ni mdogo, na mdogo yuko nyumbani kwake. Katika zile sekunde tatu yeye ndiye mwenye zamu. Wiki za mwanzo nilikuwa nategesha mkono sikioni ili aelewe kwamba namsikiliza, baadaye haikuhitajika. Wazazi walikuwa wakinisimamisha njiani kunieleza kwamba mtoto wao, ambaye hata babu yake humwamkia kwa kusukumwa, anasimama wima mbele ya televisheni na kusema "Shikamoo Mjomba".

Kwa watu wa televisheni sekunde tatu ni nyingi. Mitambo yetu hupitisha picha 25 kila sekunde, kwa hiyo hizo ni picha 75 za mtu aliyekaa kimya. Kituo kilichokuwa kikinunua vipindi vyetu kilituandikia mara mbili kwamba mwanzo unapwaya, mtazamaji atadhani sauti imekatika na atabadilisha stesheni. Mzee alizikunja barua zote mbili akazitia mfukoni. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Fred Rogers, Mmarekani aliyeendesha kipindi cha watoto kuanzia 1968 hadi 2001. Siku moja aliweka mbele ya kamera ile saa ndogo ya kupimia mayai yakichemka, akanyamaza dakika nzima, ili watoto waone dakika ina urefu gani. Dakika nzima! Niliposoma hayo nilitamani Mzee angekuwa karibu nimsomee.

Lakini mwisho wa 2002 miguu ya Mzee ilikuwa imekwisha kwa sukari, ngazi za ukumbini zikamshinda. Aliniita nyumbani kwake akaniambia kiti chake nikikalie mimi. Nilimwambia sijui kuelekeza. Akasema, "Unajua kungoja. Mengine utafundishwa na wapiga kamera."

Ikabidi tutafute wa kukaa kigodani. Tulijaribu watu kumi na zaidi, wengi wao waigizaji wenzangu, na wote walifanya nilichofanya mimi siku ya kwanza. Kisha akaja msichana, mwalimu wa chekechea kutoka Likoni, ametoka kwenye feri, viatu vina mchanga. Tukampa hadithi aisimulie. Akatazama huku na huku akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Hatukuwa na mtoto. Mpiga kamera mmoja akamwonyesha lenzi, naye akaisogelea kidogo, akainamisha kichwa, akaanza: "Paukwa..." Akangoja. Nilimtazama akingoja, nikajua.

Basi siku ile ya Februari yeye alikaa kigodani, leso mabegani, nami nikapanda kwenye kichumba cha kuchanganyia picha. Mbele yangu skrini tatu ndogo, moja kwa kila kamera, na kitufe cha kuzungumza naye. Kijispika chake alikuwa amekitia sikioni. Ilitupasa kurekodi nusu saa nzima bila kukata, kama tuko hewani, kwa sababu mashine ya kuhariri tuliikodi kwa saa na pesa hazikutosha. Tena ilitupasa kumaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, maana msikiti uko ukuta kwa ukuta nasi.

Msimamizi wa ukumbi akahesabu kwa vidole. Taa nyekundu ikawaka. Msichana akaitazama lenzi, akanyamaza.

Mimi nikabonyeza kitufe nikasema, "Sema."

Alishtuka. Macho yakashuka, "Marahaba" ikamtoka kama aliyeidondosha. Tukaanza upya. Akatazama, akanyamaza, nami nikasema, "Endelea." Mara ya tatu nilijionya kabisa, mkono nikauweka pajani, lakini kimya kilipoanza mkono ukaenda wenyewe: "Haya."

Nimefikiri sana juu ya mkono ule. Nilipokuwa mimi kigodani, zile sekunde tatu zilikuwa zimejaa. Nilikuwa nasikiliza, na anayesikiliza ana kazi. Kule juu, mbele ya skrini, sikuwa na wa kumsikiliza. Nilimwona tu msichana asiyesema kitu, nikakumbuka zile barua mbili, nikakumbuka mishahara ya watu saba chini pale, nikaogopa. Nilikuwa nimekitetea kimya kile kwa miaka sita, na siku ya kwanza niliyopewa kitufe ni mimi niliyekivunja mara tatu.

Mara ya tatu hakuendelea. Alikitoa kijispika sikioni, akakishika kiganjani, akainua uso kuelekea kamera ya katikati. Hakuwa amekasirika. Alisema kwa sauti ile ile ya kusemea watoto:

"Mjomba, huyu mtoto bado hajajibu."

Ukumbi wote ukanyamaza. Mpiga kamera wa kushoto akajifuta jasho, akaitazama sakafu. Nikashuka ngazi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumweleza kuhusu kituo, kuhusu pesa. Nilipomfikia akaniuliza kwa adabu, "Na wewe ulikuwa ukivaa hiki?"

Sikuwahi. Mzee hakunipa chochote cha kutia sikioni hata siku moja. Alikuwa akituma ishara kwa vidole vya msimamizi wa ukumbi, na wakati wa kuanza hata vidole vilikunjwa. Mimi ndiye niliyevinunua vile vijispika, nikajiona nimeleta maendeleo.

"La," nikamwambia. "Nisamehe, mwalimu."

Akakifunga kwenye pindo la leso, kama mtu anayefunga sarafu zake za nauli. Nikarudi juu. Kijana wa kuchanganya picha akasogeza kile kisanduku chenye kitufe mpaka upande wake wa meza, bila kusema neno, nami nikamshukuru bila kusema neno.

Taa ikawaka. Akatazama. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, na nikaona kitu ambacho nikiwa kigodani nisingeweza kukiona: nyusi zake zilipanda kidogo, kama mtu anayesikia hatua mlangoni, na midomo ikaanza kutabasamu kabla ya tatu. Alikuwa ameamkiwa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kipindi kilichobaki kilikwenda vizuri. Katikati ya hadithi kunguru mmoja alitua juu ya mabati kwa kishindo. Kwa kawaida tungekata. Yeye aliinua macho, kisha akairudia lenzi: "Umemsikia? Naye anataka hadithi." Akaendelea. Adhana ilipoanza tulikuwa tunazima taa.

Kilirushwa Jumamosi ya pili yake, asubuhi. Nilikwenda kwa dadangu Kibokoni, sikuwaambia watoto kwa nini. Dadangu alikuwa ametandika mkeka, mahamri na mbaazi za nazi katikati, wanawe watatu na wawili wa jirani wamekaa mbele ya televisheni. Mimi nilikaa nyuma yao, nimeegemea ukuta. Nilihofu watauliza Mjomba wa tivii yuko wapi, kumbe hakuna aliyeuliza. Walimtazama yule mgeni aliyekaa kigodani kwangu, naye akawatazama, akangoja.

Wakubwa waliitika pamoja, "Shikamoo!" kwa kelele za kushindana. Mdogo wao, wa miaka mitatu, alikuwa na hamri kinywani. Niliona shavu likienda mbio. Alimeza, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akanyoosha shingo, ndipo akasema, taratibu na kwa heshima zote, "Shikamoo."

Lakini marahaba ilikuwa imeshapita. Dada wa televisheni alikuwa tayari anaitaja hadithi ya siku hiyo. Mtoto akabaki anamtazama, kidevu juu, akingoja.

"Marahaba, mama," nikaitika mimi kutoka nyuma. Hakugeuka. Hakuwa ameniamkia mimi.

Jumatatu, kabla ya kurekodi, nilichukua karatasi ya mpangilio, nikalifuta lile 3 lililokaa pale tangu enzi za Mzee, nikaandika 4. Mwalimu alikuwa anajitanda leso. Nikamsimulia habari za mtoto na hamri. Akaisoma karatasi.

"Likoni niko na wengine wadogo zaidi, Mjomba," akasema, akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika 5.