Mfarishi wa viraka na safari ya chuo

Ninaishi Kisumu na ninashona mifarishi ya viraka, yale matandiko mazito ya kujifunika yanayoungwa kwa vipande vya nguo. Binti yangu alipopata matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, majirani na hata dada yangu waliniuliza kama sasa nitaifunika cherehani hadi mtoto atulie chuoni. Sikuifunika. Naandika nilivyofanya kwa ajili ya akina mama wenye kitu wanachokipenda, iwe bustani, kwaya au ushonaji, ambacho huwa cha kwanza kuachwa mwaka ule mtoto anapoingia chuo kikuu.

Kushona kwangu si biashara. Kila anayeingia sebuleni huniambia niuze, na kila mara najibu kwamba kazi ya mshahara ninayo tayari. Huu ni muda wangu. Naanzia soko la Kibuye, siku ya Jumapili linapofurika, kwenye marundo ya mashati ya mitumba ambayo kola imekwisha au kwapa limechanika. Hayo hayana mnunuzi, lakini mgongo wa shati la mwanamume, kama ni pamba tupu, huwa bado mzima na umelainika kwa kufuliwa. Mafundi wawili wa mtaani kwetu hunitunzia mabaki ya vitenge kwenye mfuko. Vyote naviloweka kabla ya kukata, kila rangi beseni lake, maana pamba hunywea na kitenge chekundu hutoa rangi. Kikinywea baada ya kushonwa pamoja na mwenzake, kazi yote hujikunja.

Wapo wanaodharau nguo kuukuu. Mimi nilipata nguvu siku nilipoona picha za mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani. Waliishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, jinzi zenye alama ya goti bado, ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston na watu wakapanga foleni kuitazama. Nasi watu wa Kisumu tuna habari yetu ya pamba: mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, kilichokufa miaka ya 1990. Nikipata kitambaa cha zamani cha humu nchini, kizito, kilichofumwa kwa kubana, huwa sikikati ovyo.

Ugumu wa mwaka huu ulikuwa wa muda, na si wingi wa muda bali umbo lake. Cherehani inataka meza, pasi, umeme na alasiri nzima isiyokatizwa. Mtoto wa kwenda chuo anataka mama wa kukaa naye kwenye foleni: saiba, duka la intaneti, kwa ajili ya tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, ofisi ya chifu kwa barua, benki, kisha fomu za mkopo wa masomo wa HELB. Muda upo, ila umekatika vipande. Kwa hiyo nami nikabadilisha kazi ili ikae kwenye vipande hivyo.

Nikaacha mishono ya mashine kwa Jumamosi, nikaanza mfarishi wa pembesita unaoshonwa kwa mkono juu ya karatasi. Kwa asiyeujua: unakata karatasi ngumu kiasi, bahasha za zamani au jalada la daftari, ziwe pembesita zinazolingana kabisa. Unaweka karatasi juu ya kitambaa kilichozidi robo inchi kila upande, unakunja ule ukingo kuja nyuma, unapiga bandi kuushikilia. Ukishapata viwili, unavilaza uso kwa uso na kuunganisha ubavu mmoja kwa mishono midogo ya kuzungusha, ukidaka nyuzi mbili tatu tu za kitambaa bila kugusa karatasi. Karatasi hutolewa kipande kikishazungukwa pande zote. Vifaa vyote vinaenea kwenye kibati cha peremende: sindano, uzi, subana, kimkasi, na vipande vilivyokwisha kukatwa.

Ukubwa wa pembesita ndio unaoamua kama utamaliza. Vitabuni na kwenye picha utaona za ubavu wa inchi 1, na ni nzuri mno, lakini mfarishi wa futi 4 kwa futi 6 na nusu, kipimo nilichokuja kukifikia baadaye, ungetaka zaidi ya 1,400. Za ubavu wa inchi 2 zinatosha 360 hivi. Nilichukua za inchi 2, kitambaa nikikikata mraba wa inchi 4 na nusu. Mtoto haendi chuo kesho kutwa, lakini pia hangoji miaka mitatu.

Sasa, safari. Baada ya matokeo, wanafunzi hupewa nafasi ya kubadilisha kozi walizochagua kabla ya KUCCPS kuwapanga. Binti alikuwa ameweka sayansi ya chakula, Chuo Kikuu cha Egerton. Mimi, kusema kweli, moyo wangu ulikuwa Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi wana uhandisi wa nguo, na mwaka 2007 chuo hicho kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichofunguliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mashine mpya. Mwanafunzi anasoma pamba darasani na kuiona ikifumwa. Nilimweleza yote hayo mara nyingi mezani, naye alinisikiliza kwa adabu bila kujibu. Nikasema basi, kabla hatujafunga jambo hili, twende tukaone hicho chuo chake kwa macho.

Tulipanda matatu ya Nakuru asubuhi. Hadi Ahero na Awasi barabara ni ya tambarare ya Kano, mpunga kushoto na kulia, na sindano inakwenda bila shida. Nilikuwa nimempa dirisha, nimetoa kibati, nashona. Tulipopita Ahero akanyoosha mkono akasema, "Mama, nipe na mimi." Nilimtungia uzi. Mtoto huyu hajawahi kukaa kwenye cherehani yangu zaidi ya dakika tano, ila bandi hazimtaki mtu kuwa fundi.

Alianza kuzungumza akiwa ameinamia kitambaa. Aliniambia anakumbuka likizo za kwa bibi yake, maembe yakiiva yote kwa wakati mmoja, yakianguka na kuozea chini ya miti, na miezi mitatu baadaye hakuna hata moja. Samaki ni hivyo hivyo: omena ikinyeshewa kabla ya kukauka inatupwa. Anataka kujua namna chakula kinavyowekwa kisiharibike, na anataka kulijua jambo hilo kisayansi, si kwa kubahatisha. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia akilipanga hivyo. Mezani nyumbani tulikuwa tunatazamana, mimi nikiwa na hoja zangu za Rivatex, naye akawa hana pa kuanzia. Pale kwenye kiti cha matatu hakuna aliyemtazama mwenzake, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kujibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ubavu wa kumalizia.

Kuanzia kupanda Kericho tulikunja kazi. Zile kona si za sindano, na mashamba ya chai yanastahili kutazamwa.

Tulilala Nakuru kwa shemeji yangu, na kesho yake tukachukua gari la Egerton, kilomita 25 hivi kupitia Njoro. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Kisumu ni kama mita 1,130, na tofauti hiyo unaijua ukishuka tu garini. Saa mbili asubuhi pumzi inaonekana. Binti alikuwa na sweta jepesi la Kisumu. Nilimfunga leso yangu mabegani, naye hakukataa.

Langoni tuliacha vitambulisho tukaeleza shida yetu, na kijana wa jirani yetu wa zamani, aliye mwaka wa tatu, akaja kutupokea. Kama unampeleka mtoto kuangalia chuo, tafuta mwanafunzi. Ofisini watakueleza karo na masharti ya kujiunga, na hayo ni ya lazima. Lakini maji hukatika lini, chakula cha mesi ni shilingi ngapi, maktaba hujaa saa ngapi, msichana akitoka kusoma usiku anapita njia gani, hayo utaambiwa na anayeishi humo. Binti aliuliza maswali ya maabara, mimi nikauliza ya njia ya usiku.

Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kwa ardhi ya Lord Maurice Egerton wa Tatton, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Bado ukilimo uko wazi: mashamba, ng'ombe, harufu ya nyasi iliyokatwa katikati ya madarasa. Kasri la huyo bwana liko Ngata, kati ya Nakuru na Njoro, na chuo ndicho kinacholitunza. Husimuliwa kwamba baada ya kukataliwa na mwanamke aliyempenda alipiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake. Kijana alipotusimulia habari hiyo, mbele yetu kundi la wasichana waliovaa makoti meupe ya maabara lilikuwa likitoka darasani likibishana kwa sauti juu ya jaribio fulani. Nilisimama kuwatazama hadi wakapita wote. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Rafiki wa yule kijana, msichana, alituingiza hosteli kuona chumba. Hapo futi yangu ya kupimia, ambayo haitoki mkobani, ilifanya kazi. Kitanda ni cha dabo deka, godoro la futi 2 na nusu kwa futi 6, upande mmoja umegusa ukuta. Nilikuwa nimekadiria kitanda cha nyumbani. Kwa hiki, mfarishi mpana unaning'inia hadi usoni kwa aliyelala chini. Nikaandika vipimo vyangu upya: futi 4 kwa futi 6 na nusu, ziada yote iangukie upande wa nje na miguuni pa kukunjia chini ya godoro.

Kilichobadilisha zaidi mpango wangu kilikuwa kamba za kuanikia. Ndani ya mfarishi nilikusudia kuweka blanketi letu la zamani la Raymond, lile la sufu lililotengenezwa Eldoret, zito, ambalo limetufunika sote nyumbani. Hakuna kitu chenye joto kulishinda. Lakini niliona masinki, nikaona mabeseni, nikaona nguo zilizoanikwa tangu jana zikiwa bado mbichi kwa ukungu wa Njoro. Sufu ikilowa maji msichana mmoja hawezi kuikamua, na pale haikauki kwa siku moja. Basi katikati niweke blanketi jembamba la fliisi, linalokamuliwa kwa mikono miwili na kukauka upesi, na nyuma kitambaa cha flaneli. La Raymond ataenda nalo jinsi lilivyo, la kuongezea juu usiku wa Julai.

Kurudi Kisumu tulishona tena kuanzia Awasi. Jina la kozi halikutajwa. Wiki iliyofuata aliniita saiba, tukaingia kwenye tovuti pamoja, akaacha chaguo lake vilevile, nami nikamwambia abonyeze.

Tangu hapo kazi ilikwenda kwa mgawo tuliouzoea. Foleni na safari ni za kupiga bandi na kuunganisha maua ya vipande saba, kimoja katikati na sita kukizunguka. Jumamosi jioni ni yangu peke yangu na redio, kuunganisha maua kwa maua na kupanga rangi sakafuni. Hapo simkaribishi mtu, hata yeye, na nadhani ni vizuri mtoto ajue mama ana saa zisizoguswa. Rangi nilichagua mwenyewe: mashati ya bluu na kijivu kuwa usuli, vitenge kuwa petali, na katikati ya kila ua njano moja ile ile. Safu ya juu, itakayokuwa karibu na kidevu chake, ni ile aliyoshona yeye. Mishono yake ni mikubwa na imeachana. Niliipitia kwa ndani kuiimarisha kwa uzi wa pili, sikuifumua.

Barua ya chuo imekuja: sayansi ya chakula, Egerton. Tabaka tatu zimeshatandazwa na kubanwa kwa pini sebuleni, kuanzia katikati kwenda nje ili kusibaki mkunjo. Sitazishona mistari yote kwa mkono, siku hazitoshi. Nafunga fundo la uzi mnene wa pamba kila baada ya inchi 4, fundo mbili mbili, nikiacha mikia mifupi kwa upande wa nyuma. Limebaki pindo la kuzungushia. Nataka pamba ya kijani iliyokolea, ikatwe mshazari ili ikubali kona, na ya Oginga Odinga Street niliyoonyeshwa jana ina mchanganyiko wa poliesta, inateleza. Jumapili hii tunakwenda Kibuye mapema, yeye akitafuta ndoo, jiko la kupikia na sweta la maana, mimi nikitafuta hiyo kijani.