S ya mtu mmoja

Ratiba ya darasa letu ilipangwa na mwezi. Bamvua likiingia, zile siku maji yanapokupwa mbali sana, akina mama wa Paje wako pwani, na huwezi kumwambia mtu akae ajifunze Kiingereza wakati shamba lake la mwani liko wazi na maji yatarudi baada ya saa chache. Tulikutana maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya mama yangu mdogo. Ilikuwa kipupwe cha 2013. Nilikuwa nasomea ualimu wa Kiingereza mjini na nimekuja likizo, na wageni walikuwa wamejaa pwani nzima kuanzia Bwejuu mpaka Jambiani.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, huku huku Paje na Jambiani, kwa hiyo baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wakiufunga na kuuvuna tangu wakiwa wasichana. Bei ya mwani mkavu haikuwaridhisha, ndiyo maana wengine wakaanza kuusaga na kutengeneza sabuni: za karafuu, za mdalasini, za mchaichai. Wageni walizipenda. Kilichowakwaza ni maneno. Mgeni anauliza nani katengeneza, katia nini ndani, na wao wanamwonesha vidole vya bei tu. Mazungumzo yote yaliyobaki yanafanywa na papasi, kijana anayewazungukia wageni pwani, na papasi hasimami pale bure. Walitaka kusema wenyewe.

Tulikuwa tumeshapita 'this' na 'these', na hilo halikuwasumbua hata kidogo. Kamba hii, mti huu, kigingi hiki, jiwe hili. Kwa Mwingereza vyote hivyo ni 'this', havina ngeli. Walifurahi kama walioondolewa kodi. Kwenye 'he' na 'she' palikuwa pagumu zaidi, maana yeye wetu ni yeye, awe mwanamme awe mwanamke. Aliyewafungulia njia ni bibi mmoja aliyesomesha watoto chuoni, chuo cha Kurani, kwa miaka mingi. Alisema tu, "Si 'huwa' na 'hiya' hizo, ya mwanamme na ya mwanamke?" Wenzake waliokuwa na Kiarabu kidogo cha chuoni wakaitikia, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sina la kuongeza.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya s.

Nilikuwa nimeegemeza ukutani kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi. Upande mmoja niliandika 'one rope, two ropes'. Upande wa pili, 'I sell, you sell, she sells, we sell, they sell'. Wanafunzi wamekaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, na wengi wamekuja na kazi zao, wanafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mwani, kwenye kamba huku wanasikiliza. Mama mmoja wa nyuma akaacha kufunga. Kidole alichonyoosha kilikuwa kimepasukapasuka kwa maji ya chumvi.

"Mwalimu, mwanangu, hebu niambie. Kamba zilipokuwa nyingi umezitia s. Haya, nimekubali. Sasa huyu anayeuza ni mmoja, yuko peke yake, umemtia s ya nini? Na hawa walio wengi umewanyima?"

Nililipenda swali lile hata kabla hajalimaliza. Miaka yote niliyokaa skuli sikumsikia mwanafunzi akiliuliza, na sababu naijua: tuliambiwa hiyo ni kanuni, ikariri, na atakayeisahau anakatwa alama. Mtu mzima hafundishwi hivyo. Yeye anataka ajue kitu kimefikaje pale kilipo, na ana haki ya kujibiwa.

Nikamwambia s hizo ni mbili, zimefanana sura tu, udugu hazina. Ile ya kamba inahesabu vitu. Hii ya kuuza inamtaja mtendaji. Nikafuta ubao na kuandika Kiswahili kitupu: nauza, unauza, anauza, tunauza, mnauza, wanauza. Nikawauliza, "Mkisikia 'anauza', mnangoja kuambiwa 'yeye'?"

"Yeye ya nini tena? Si ndiyo hiyo a!"

Basi, nikasema, Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na alama zake za kumtaja mtendaji, ila zilikaa mwishoni mwa kitenzi: 'I sing', 'thou singest', 'he singeth'. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1600, wakati Shakespeare anaandika, 'he goeth' na 'he goes' zilikuwa zinatumika zote mbili. Hii s ilitoka kaskazini mwa Uingereza, ikateremka kusini mpaka ikaitoa ile th. Alama nyingine zikaanguka. 'Thou' yenyewe ikaondoka katika maneno ya kila siku, 'you' ikabaki kwa mmoja na kwa wengi. Maji yote yamekupwa, dimbwi lililosalia juu ya mchanga ni hilo moja, s ya nafsi ya tatu umoja.

Yule bibi wa chuoni akatikisa kichwa. "Kiarabu hivyo hivyo. Yaktubu ni mwanamme, taktubu ni mwanamke. Kitenzi kinamjua mwenyewe."

Hapo nikawaonesha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza kwa Mswahili anayeanza Kiingereza, kuliko hata hiyo s. Kwa kuwa alama zimeanguka, mtendaji lazima atajwe. Sisi tunasema 'nauza' na imetosha. Wao lazima 'I' isimame mbele, kila mara, hata kama hakuna asiyejua nani anazungumza. Ukimsimamia mgeni na kumwambia 'sell soap' peke yake, umemwamrisha auze sabuni. Wakacheka sana, na mmoja akaanza kumwamrisha jirani yake papo hapo, "Sell soap! Sell soap!"

Kukanusha kulichukua muda mrefu. Niliandika 'She sells soap', chini yake 'She does not sell fish'. Wakaikosa s. Yule mama wa nyuma, ambaye sasa kamba yake alikuwa ameiweka pembeni kabisa, ndiye aliyeiona. "Imehamia hapo kwenye 'does'. Ikishakaa hapo, huku haitakiwi?"

Haitakiwi. Mmoja akanung'unika kwamba ni vurugu, kitu kinahama bila kuaga. Nikamwomba anikanushie 'anauza'. "Hauzi." Nikamwambia aangalie alichokifanya kwa neno moja: mbele imeingia 'ha', 'na' ya katikati imetoka, 'a' ya mwisho imegeuka 'i'. Na angekuwa anajisema yeye, hata ha isingekuwapo, angesema 'siuzi'. Mtoto wa miaka minne hapa Paje anafanya hayo yote huku anakimbia. Mimi naamini kabisa kwamba mtu mwenye uwezo huo kichwani hawezi kushindwa na 'does not', na niliwaambia hivyo. Wanaoshindwa ni wale walioaminishwa kwamba wameingia darasani hawana sarufi yoyote, wakati wameingia na sarufi nzito kuliko hiyo wanayokuja kujifunza.

Tukaleta sabuni zenyewe. Mmoja akawa mgeni, akavaa kofia ya ukili ya mama mdogo, akashika kipande cha sabuni ya mchaichai, akakinusa na kuuliza, "Does she make it?" Jibu likaja "Yes", likakatika. Kwetu 'ndiyo' inatosha, kwao 'yes' tupu inasikika kavu kidogo, kwa hiyo tukarudia mpaka likatoka zima: "Yes, she does." Kisha "Do you make it?" na "Yes, I do." Zamu ikazunguka mikeka yote.

Jua lilikuwa linashuka na wengine wameshaanza kukusanya taitai zao. Yule mama wa nyuma akauliza tena.

"Na nikitaka kumwambia niliitengeneza jana?"

"I made it yesterday."

"Na huyu mwenzangu?"

"She made it yesterday."

"Na wao?"

"They made it."

Akawatazama wenzake. "Made kwa wote. S hakuna, does hakuna. Basi si tungeanza na jana?"

Vitabu vyote nilivyovifuata huanza na wakati uliopo, na sikuwa nimewahi kusikia sababu iliyonitosheleza. Kwao ilikuwa wazi, maana karibu kila walichotaka kumweleza mgeni kilikuwa kimeshafanyika: mwani umeshafungwa, umeshaanikwa, sabuni imeshakatwa. Maji mafu yaliyofuata nikaigeuza ratiba. Tukaanza na 'tie, tied', 'dry, dried', halafu 'make, made', 'cut, cut', 'sell, sold', 'bring, brought'. Hivi vya mwisho visivyofuata ed nilimwandikia kila mmoja kwenye karatasi aende nayo nyumbani, kwa sababu havina njia ila kuvishika kimoja kimoja, na hapo hakuna aliyelalamika kwamba ameambiwa akariri.